Kikapu Chekundu cha Kwenye Vioo

Mimi nilipenda duka kubwa kwa sababu moja tu: halikunijua.

Nikisema hivyo watu wa huku wananitazama kana kwamba nimekataa ndizi mezani. Lakini mwenye kuishi Nyakahanga anajua ninachosema. Ukienda dukani kwa mama Bainomugisha, hapo njia panda, kununua sukari, hununui sukari, unahojiwa. Unaanza na salamu zako, za watoto, za migomba, halafu ukitaja kilo mbili anasimamisha kijiko hewani. "Mbona mbili? Una wageni?" Ukisema unao, anataka kujua ni wa upande wako au wa mume. Ukisema huna, kesho yake majirani wanakuuliza umeanza biashara gani. Siku moja nilinunua wembe mmoja tu, nikaulizwa mume wangu anarudi lini.

Kwa hiyo lilipofunguliwa lile duka kubwa mjini Kayanga, lile lenye milango ya vioo ambalo watu walianza kuliita Kwenye Vioo, mimi nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia. Unachukua kikapu, unazunguka kimya kimya. Sabuni imekaa kwenye rafu, bei yake imebandikwa, haikuulizi kitu. Unalipa, mashine inalia tii, unatoka. Mlinzi anatazama risiti, hakutazami wewe. Nilikuwa narudi nyumbani nimepumzika kweli kweli.

Halafu akaja mama mkwe.

Mama mkwe wangu anaitwa Sperancia na anatokea Mabira, kule Kyerwa, kwenye ng'ombe wao. Alikuja kutibiwa jicho. Wakamfanyia upasuaji hospitalini, wakalifunga kitambaa cheupe, wakamwambia akae karibu mpaka siku ya kurudi kliniki. Mume wangu Mutalemwa alikuwa Mwanza kikazi, hivyo watu wazima tukabaki wawili, mimi na yeye na jicho lake moja, ambalo naapa linaona kuliko yangu yote mawili.

Kwa mama mkwe, mtu asiyesalimiwa hajafika. Kutoka kwangu mpaka hospitalini ni mwendo mfupi, ila ukitembea naye ubebe chakula. Anamsalimia anayelima, anayepalilia, anayesukuma baiskeli na anayejificha asisalimiwe. Nilipomwambia kwamba kuna duka watu wanaingia na kutoka bila neno, hakuniamini. Akasema kama duka hilo lipo, basi wenye nalo wamefiwa, na inafaa tukawape pole.

Ndiyo nikampeleka. Tulipanda bodaboda mbili, yake ikitangulia, akimwelekeza dereva njia asiyoijua.

Mlangoni alikuwepo mlinzi, kijana mrefu mwenye sare ya bluu iliyomfupia mikono. Anaitwa Hagenimana. Wazazi wake walitoka Burundi, wanalima Kihanga, na mama yake alikuwa anaumwa mguu. Mimi nilikuwa nimepita mbele ya kijana huyo tangu duka lifunguliwe na katika hayo yote nilikuwa najua sare peke yake. Mama mkwe aliyajua yote kabla mlango wa kioo haujajifunga nyuma yetu.

"Shikamoo, bibi," Hagenimana alisema.

"Marahaba, mwanangu. Agandi?"

"Nimarungi."

Kujibu kwa Kinyambo ndiko kulikotuponza, kwa sababu mama mkwe aliweka mkoba wake chini. Akamuuliza jina. Akamuuliza kwao. Akamuuliza mama yake, na kijana aliposema anaumwa mguu, akauliza upi.

"Wa kushoto, bibi."

"Tangu lini?"

Watu nyuma yetu wakaanza kukohoa. Mama mkwe hakuwasikia. Alimshika kijana mkono, akamwombea mama yake pale pale mlangoni, sala fupi kwa kipimo chake, ndefu kwa kipimo cha wanaongoja. Alipomaliza, Hagenimana alichukua kikapu kwenye mrundo, kimoja cha vile vya plastiki vyekundu, akakifuta kwa kiganja, akampa kwa mikono miwili huku magoti yameinama kidogo.

"Karibu, bibi."

"Asante, mwanangu. Mungu akuongezee."

Mikono hiyo miwili uikumbuke, maana ndiyo iliyotuletea mambo yote.

Ndani nilikoma. Mama mkwe alimsalimia mwanamke aliyekuwa anachagua mafuta ya kupaka, yule mwanamke akashika pochi yake kwa hofu. Alipofika kwenye chumvi akamwita msichana wa rafu akamuuliza bei.

"Imeandikwa hapo, bibi."

"Nimeiona. Na ya mwisho?"

"Ndiyo hiyo hiyo ya mwisho."

"Sasa ya kwanza ilikuwa ngapi?"

Mimi nilikuwa nyuma ya rafu ya biskuti nasoma maandishi ya pakiti kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Ndiyo, nilijifanya sikuja naye. Nikamsikia anafika kaunta na chumvi yake na mche wake wa sabuni, mashine ikalia tii mara mbili, akalipa, kisha akanyoosha mkono tena.

"Na nyongeza?"

"Nyongeza gani, bibi?" keshia akauliza.

"Ya kunirudisha kesho."

"Hapa hakuna nyongeza, bibi. Ni vilivyo kwenye risiti tu."

Mama mkwe akamwangalia kwa huruma nyingi, akatoka. Mimi nililipa vyangu nikamkuta ameshapanda bodaboda, amejifunika kitenge chake mpaka kiunoni, anaagana na Hagenimana kwa kirefu.

Kikapu nilikiona nyumbani, alipovua kile kitenge. Kilikuwa mkononi mwake, chekundu, na sabuni na chumvi ndani.

"Mama, umekuja na kikapu cha duka?"

"Cha duka gani? Amenipa yule kijana, mtoto wa yule mama mwenye mguu. Hukumwona? Kwa mikono miwili."

"Vile ni vya kubebea vitu ndani tu. Ukifika mlangoni unaviacha."

Akanicheka. "Mtu akupe kitu kwa heshima vile, halafu ukiache mlangoni? Kesho atakupa tena?"

Nikaona nisibishane. Nikasema sawa, kesho nitapita nikirudishe.

Hapo akaacha kucheka. "Kikiwa kitupu?"

Hilo sina haja ya kumweleza mtu wa huku, ila kwa wa mbali niseme. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukiletewa maharage kwenye bakuli, bakuli linarudi na kitu, hata kama ni limau moja. Chombo kitupu maana yake ni kwamba sikuhitaji, usije tena. Watu wameacha kutembeleana miaka kwa sababu ya sufuria iliyorudi ikiwa imeoshwa vizuri na haina kitu.

"Nitampelekea mwenyewe," mama mkwe akasema. "Nipe muda nikijaze."

Nikajiambia, kikapu cha plastiki, nani atakihesabu. Nikaenda kuchemsha maharage.

Kumbe kuna anayehesabu. Jumatano jioni Hagenimana alinisubiri kwenye kona ya shamba letu, akiwa bado na sare. Alinisalimia, akatazama huku na huku kama mtu aliyekuja kukopa.

"Dada, ni kile kikapu cha bibi. Meneja amekiona kwenye kamera. Ananionyesha mimi nafungua mlango na bibi anatoka nacho. Amesema kisipofika Jumamosi, mimi nisije Jumatatu."

Nikamuuliza, "Kwa nini hukumzuia?"

"Ametoka kumwombea mama yangu, dada. Nimnyang'anye kitu mbele za watu? Nikajiambia wewe utakirudisha."

"Na meneja umemwambia sisi ni nani?"

"Ameniuliza. Nimesema simjui." Akakwaruza ardhi kwa kiatu. "Alisema akimjua atakwenda kituoni kuandikisha wizi. Sasa mimi nimtaje bibi? Tangu nianze kazi pale, yeye ndiye wa kwanza kuniuliza jina."

Niliona haya. Nilimwahidi kikapu kingefika kesho yake asubuhi, nikaingia ndani nikiwa nimejipanga kusema kila kitu. Lakini kwanza nikampigia Mutalemwa, na Mutalemwa akanikataza.

"Usimwambie mama kwamba anaitwa mwizi. Unamjua. Usiku huu huu ataomba pikipiki ya kurudi Mabira na jicho limefungwa, na mjini hatakanyaga tena mpaka afe. Kliniki utampelekaje?"

"Na yule kijana?"

"Chukua kikapu, kirudishe. Usimwambie tu."

Wanaume wakiwa mbali wana akili sana. Kikapu nikichukueje? Mama mkwe alikuwa amekitandika majani ya mgomba ndani, akakiweka chini ya kitanda chake. Kesho yake mchana nilinyata kuingia akiwa amelala. Mkono wake ulikuwa umepita kwenye vishikio vyote viwili. Jicho lililofungwa lilikuwa upande wangu, lakini akasema, "Unatafuta nini, mwanangu?" Nikasema natafuta ndala.

"Kijaze leo basi tukipeleke," nikamwambia.

"Kahawa haijakauka."

Alikuwa ameamua, kati ya vitu vyote duniani, kupeleka kahawa ya kutafuna. Buni huchemshwa na majani yanayonukia, kisha huanikwa mpaka zikauke, ndizo tunazompa mgeni azitafune kabla ya chakula. Alizichemsha mwenyewe, akazianika kwenye ungo uani. Na mvua ya wiki hiyo mnaikumbuka. Kila jua lilipotokeza alitoa ungo, kila wingu lilipopita aliurudisha. Nikamwambia tupeleke ndizi peke yake, akaniuliza kama yule kijana ni mgonjwa wa hospitalini. Tena alikuwa ameagiza samli kwao Mabira na samli ilikuwa bado njiani. Namshukuru Mungu haukuwa msimu wa senene, wale panzi tunaowala, tungesubiri na senene.

Ijumaa nikaenda Kwenye Vioo peke yangu. Mpango wangu ulikuwa kununua kikapu kingine cha namna ile ile, nikirudishe kama ndicho. Mlangoni Hagenimana alinitazama mikono, akaona ni mitupu, akatazama barabara. Nikamtafuta meneja. Anaitwa Celestin, kijana wa Tabora, mwenye shati lililopigwa pasi likasimama. Huku hakuwa na ndugu wala jamaa, na alivyotembea kati ya rafu ungedhani hakuwahitaji.

"Naomba kununua kikapu."

"Cha aina gani, mama?"

"Hivi hivi vyekundu."

"Hivyo haviuzwi," akasema. "Na kimoja kimeibiwa juzi. Bibi mtu mzima kabisa, amejifunga kitambaa jichoni ili asijulikane. Tukimpata, picha yake tunabandika hapo mlangoni."

Nilifungua mdomo niseme ni mama mkwe, kitambaa ni cha hospitali, na kikapu kipo chini ya kitanda. Kisha nikaiona akilini ile picha mlangoni, na mama mkwe amesimama mbele yake anaisalimia. Nikafunga mdomo. Nikanunua kiberiti, nikatoka. Usiku ule sikupata usingizi, na kiberiti sikukihitaji.

Jumamosi jua likawaka tangu asubuhi. Kufikia saa sita kahawa zilikuwa zinagongana kwenye ungo kama kokoto, na samli ilikuwa imefika. Mama mkwe alikipanga kikapu kwa utulivu: ndizi za kuiva chini, karanga katikati, chupa ya samli kando, na juu kabisa kikapu chake kidogo cha ukindu chenye mfuniko, ambacho aliletewa siku alipoolewa, kimejaa kahawa. Akajifunga kitenge kipya.

"Nibebe mimi, mama," nikamwomba. "Wewe pumzisha jicho."

"Kitu nilichopewa mimi utarudisha wewe?"

Akakiweka kichwani. Na hivyo ndivyo tulivyoingia mjini Kayanga mchana kweupe, kikapu kilichokuwa kinatafutwa kikiwa juu ya kichwa cha aliyekuwa anatafutwa, chekundu, na yeye akisalimia kila mtu kushoto na kulia. Mimi nilikuwa nyuma yake naomba dua zote ninazozijua.

Hagenimana alipotuona alisimama wima kama askari. Mama mkwe alimuuliza kwanza mguu wa mama yake unaendeleaje. Kisha akasema, "Niitie mkubwa wako. Wewe nimekuletea kahawa zako kwenye mkoba. Hizi ni za nyumba yenu."

Celestin alikuwa ameshatuona kupitia kioo. Alikuja haraka, macho yakitoka kwenye kikapu kwenda kwenye kitambaa cha jicho, kutoka kwenye kitambaa kuja kwangu, mteja wake wa kiberiti.

"Shikamoo," alisema, maana alilelewa.

"Marahaba, mwanangu. Sioni kiti."

Hapakuwa na kiti. Duka lenye kila kitu, na kiti cha kumkalisha mtu hakuna. Hagenimana akaleta kreti la soda, akaligeuza, mama mkwe akaketi katikati ya mlango, kikapu mapajani. Watu wakaanza kusimama. Waliokuwa wanalipa wakageuka.

"Mama, hicho kikapu ni cha duka," Celestin akasema.

"Najua ni chenu. Ndiyo maana nimekileta."

Akamkabidhi. Celestin akakipokea kwa mkono mmoja, uzito ukamshinda, akaongeza wa pili. Akachungulia. Akaona ndizi, karanga, samli.

"Samahani, mama. Sisi hatununui bidhaa mlangoni. Kuna utaratibu wa wasambazaji."

"Nani anauza?" mama mkwe akaniuliza.

Ikabidi nisogee. Nikamwambia Celestin kwa sauti ya chini kwamba ni zawadi, kwamba hivyo ndivyo tunavyorudisha chombo, na kwamba akikataa itakuwa vibaya kuliko ilivyo sasa. Akaduwaa. Nadhani tangu atoke Tabora hakuna mtu aliyempa kitu kisichokuwa na risiti. Akasema asante, akasema asante tena. Akataka kufanya mambo yawe sawa, akaharibu. Alifungua kile kikapu kidogo cha ukindu, akazimwaga kahawa kwenye mfuko, akakifunga vizuri mfuniko wake, akamrudishia mama mkwe papo hapo.

"Na hiki chombo chako, mama. Kisipotee."

Kitupu. Mbele za watu.

Hagenimana alifumba macho. Mwanamke mmoja kwenye foleni akasema "Yesu" taratibu. Mama mkwe hakunyoosha mkono. Alikitazama kile kikapu cha ndoa yake kikiwa hewani, na uso wake, ambao ulikuwa umefurahi tangu asubuhi, ukazimika. Akaanza kuinuka.

"Twende, mwanangu. Hawatuhitaji."

Nikajua tukitoka pale tumetoka, na Jumatatu Hagenimana atakuwa Kihanga analima shamba la mtu. Nikamshika mama mkwe bega. Sijawahi kumshika bega.

"Kaa, mama. Hajui." Nikamgeukia Celestin. "Kaka, kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukikirudisha hivyo umemwambia asije tena."

Celestin akakishusha kile kikapu taratibu. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Sikujua," akasema. "Haki ya Mungu, sikujua."

"Mtu mzima asijue?" mama mkwe akasema.

Basi nikaona ni bora niseme yote, Mutalemwa atanisamehe. "Na wewe pia kuna kitu hukujua, mama. Kile kikapu chekundu hukupewa. Vile ni vya humu ndani, kila mtu anashikishwa mlangoni na anakiacha mlangoni. Ulipotoka nacho walisema umeiba. Na huyu kijana hakukutaja. Kama kisingefika leo, kazi hana."

Nilikuwa nasubiri alie, au aite pikipiki ya Mabira. Alinigeukia na lile jicho moja.

"Umejua tangu lini?"

"Jumatano."

"Ukanywa chai na mimi asubuhi zote hizo."

"Nilikuwa nakusitiri, mama."

"Anayefichwa mambo ni mgeni," akasema. "Mimi nilidhani nimekuja kwetu."

Lilinichoma, na linanichoma mpaka leo nikilikumbuka. Nikasema nisamehe, mama, na yeye akanipigapiga mkono uliokuwa bado begani mwake. Ndipo akamtazama Celestin, ambaye alikuwa amesimama na kile kikapu kidogo kama mtoto aliyeshikishwa yai.

"Mwanangu, basi na mimi sikujua."

"Hapana, bibi, yameisha."

"Hayajaisha. Umekishika kitupu."

Celestin akaelewa. Akaenda kwenye rafu, akarudi na pakiti ya majani ya chai, na mimi nikadhani ataitia tu, kwa kuwa yeye ndiye meneja. Hakufanya hivyo. Alikwenda kupanga foleni nyuma ya watu, kwenye duka lake mwenyewe, akitoa pochi yake mfukoni. Watu wakampisha, akakataa kupishwa. Mashine ikalia tii. Akarudi, chai ndani, mfuniko juu, akanyoosha mkono mmoja. Kisha akamwona Hagenimana. Hagenimana alinyoosha mikono yake miwili mitupu tu na kuinamisha magoti kidogo, akimwonyesha. Celestin akaongeza mkono wa pili. Akainama.

"Karibu tena, bibi."

Mama mkwe akapokea. Akafunua, akanusa, akafunika. Hakuinuka kwenye kreti.

"Na nyongeza?"

Keshia kule kaunta akainamisha kichwa. Celestin alifungua mdomo aseme lile neno lao la kila siku kwamba hapa hakuna nyongeza, nikaona linamfika kwenye meno na kurudi.

"Nyongeza gani, bibi?"

Mama mkwe akamwonyesha kwa kidevu kijana mrefu mwenye sare iliyomfupia mikono.

"Huyu. Nimkute hapa nikirudi."

Hakuna aliyekohoa safari hii. Celestin alimtazama Hagenimana muda mrefu, nadhani ndiyo mara ya kwanza alimtazama zaidi ya sare. Akachukua kile kikapu chekundu chenye ndizi na karanga, akakishika kifuani.

"Jumatatu saa moja," akamwambia. "Usichelewe." Kisha, akiwa ameshageuka kwenda ofisini, akauliza, "Hizi kahawa zinatafunwa na maganda yake?"

"Na maganda yake, bosi," Hagenimana akajibu.

Hayo yalipita. Mama mkwe alifunguliwa jicho, akarudi Mabira na majani yake ya chai, ambayo mpaka leo hajayapika. Kreti la soda liliondolewa pale mlangoni na mahali pake pana kiti, cha plastiki, cha bluu, na wazee hukikalia bila kununua kitu. Ila mimi ndiye niliyeumia. Ile raha yangu imekwisha. Naingia Kwenye Vioo sasa, Hagenimana ananiuliza watoto, keshia ananiuliza jicho la bibi, wateja wananong'onezana kwamba yule ndiye mkwe wa bibi wa kikapu. Nikitaka kununua kitu cha siri afadhali niende kwa mama Bainomugisha.

Juzi nilipita kununua sukari. Celestin mwenyewe alikuwa kaunta, shavu moja limevimba kahawa. Akainua mifuko yangu kuipitisha kwenye mashine, akaishikilia hewani.

"Kilo mbili, mama? Una wageni?"

Nilitaka kumjibu vibaya, maana jibu nilikuwa nalo tayari tangu zamani. Nikamtazama, kijana wa watu, mbali na kwao, anangoja kweli niseme.

"Ninaye," nikamwambia. "Mama anakuja Alhamisi kwa ajili ya kliniki. Ameniambia nikuulize, mama yako kule Tabora hajambo?"